Sifuri ya Hikagezawa

Jumanne, 1 Novemba

Leo tumepoteza treni ya saa sita na dakika arobaini na nane mchana. Kituo chetu cha Hikagezawa kilikuwa na treni sita kwa siku, tatu za kwenda mji wa Odaira na tatu za kurudi. Kuanzia leo ni tano.

Treni yenyewe haijafa, ila kwetu haisimami tena. Imepita mbele ya macho yangu saa 6:48 kamili, dereva na glavu zake nyeupe, akanyoosha kidole kuihakiki ishara kama wanavyofanya siku zote, akatamka maneno yake peke yake, akapita. Nilikuwa jukwaani na ufagio. Sikwenda mjini leo makusudi, nilitaka kuliona jambo hili mwenyewe. Nina miaka sabini na mitatu na sijawahi kupitwa na treni ya abiria nikiwa nimesimama pale pale inaposimama. Nilibaki mdomo wazi mpaka meno yakaingia baridi.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Sikusoma zaidi ya shule ya kati, lakini kuhesabu najua. Niliingia kwa fundi wa mabati nikiwa na miaka kumi na mitano. Nikiwa na thelathini nilikuwa na karakana yangu mwenyewe. Mwaka walipomwondoa mfanyakazi wa mwisho wa kituo, paa lilipovuja, ni mimi niliyelipiga upya. Tangu hapo kituo hakina mtu wa kampuni. Kina mimi, ufagio, beleshi, na jirani yangu Dada Fusae, anayeshona mito ya kukalia kwenye benchi. Mito saba, yote anaifua mwenyewe.

Wapandaji ni wawili. Dada Fusae, miaka sabini na tisa, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anapanda ya saa 1:12 asubuhi kwenda hospitali Odaira kusafishwa damu kwa mashine. Mimi Jumanne na Alhamisi, napeleka mabeleshi ya theluji ninayotengeneza kwenye duka la vifaa. Safari tano kwa wiki. Si nyingi. Lakini tano ni tano.

Jumatano, 2 Novemba

Dada Fusae alizoea kurudi na ile ya saa 6:48. Leo amerudi na ya saa 10:21 jioni. Tofauti: masaa matatu na dakika thelathini na tatu, kwa mwili uliotoka kwenye mashine.

"Dada, umechoka?"

"Nichoke kwa kazi gani? Nimekaa tu. Nimehesabu vigae vya dari ya hospitali, mia mbili na arobaini. Wewe ungefurahi."

Nikamshika begi. Akaninyang'anya.

Alhamisi, 10 Novemba

Mabeleshi manne. Abiria: mimi.

Jumanne, 15 Novemba

Mvua iliyochanganyika na theluji. Nilifika kituoni na mabeleshi sita nikamkuta mgeni chumba cha kusubiri, mtu wa makamo, viatu vimelowa, anatetemeka kama mashine ya kufulia. Nikaacha safari, nikamchukua nyumbani kwa chai. Aliacha kadi ya jina. Aliisifu achari ya figili, akasifu na kituo. Mazungumzo ya mgeni. Mabeleshi yatakwenda Alhamisi. Abiria: sifuri.

Jumatatu, 28 Novemba

Theluji ya kwanza iliyoshika. Sentimita nne. Dada Fusae kapanda.

Ijumaa, 9 Desemba

Sijui nianzie wapi. 

Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi kupiga beleshi jukwaa, nikakuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya mito. Imenyooka, pembe zote nne zimebanwa vizuri, hata sijui walikuja lini. Nainakili kama ilivyo:

"Kwa wateja wetu wapendwa. Kutokana na uchunguzi wa wasafiri uliofanyika mwezi wa Novemba, imebainika kuwa kituo hiki hakina mpandaji wa kudumu. Idadi ya waliopanda: 0. Hali hii imethibitishwa na mkazi wa jirani na kituo. Kwa masikitiko makubwa, kituo cha Hikagezawa kitafungwa kuanzia ratiba mpya ya Jumamosi, 18 Machi. Tunawashukuru kwa kukipenda kwa miaka mingi."

Niliisoma mara tatu. Ya nne niliisoma kwa sauti, labda masikio yangesikia kitu kingine. Sifuri! Nimekaa juu ya mto wa bluu, nimeshika beleshi, na karatasi inaniambia mimi sipo.

Saa 1:08 Dada Fusae akaja, hatua ndogondogo, fimbo mbele.

"Mbona umekaa kama uliyepigwa na paa?"

Nikamwonyesha. Akasoma akiwa ameisogeza pua mpaka karibu na ukuta. Treni ikaja, mlango wa nyuma ukafunguka, akachomoa kile kikaratasi cha namba anachochukua kila anayepanda kituo kisicho na mfanyakazi. Namba yetu ni sita. Akanionyesha kupitia kioo cha dirisha. Sita. Treni ikaondoka naye.

Sasa nimekaa na neno moja: mkazi wa jirani na kituo. Kijiji kina nyumba kumi na nne, lakini kumi na mbili ziko ng'ambo ya daraja, kilomita moja na nusu. Jirani na kituo kuna nyumba mbili tu. Yangu na yake. Mimi sijathibitisha chochote kwa mtu yeyote. Mbili kutoa moja.

Siamini. Lakini hesabu haina huruma na mtu.

Jumamosi, 10 Desemba

Nimekwenda kwake. Alikuwa chini ya blanketi la meza yake fupi, yenye kijiko cha moto cha kupasha miguu chini yake, anaziba mto uliochanika.

"Dada, niambie ukweli tu. Uliongea na mtu wa reli?"

"Mtu gani wa reli?"

"Karatasi inasema mkazi wa jirani. Jirani ni mimi na wewe. Na mimi siye."

Akaweka sindano chini polepole. "Kwa hiyo ni mimi. Mimi ninayepanda mara tatu kwa wiki nimesema hapandi mtu."

"Mwanao Kenjiro anataka uhamie kwake Yokohama. Miaka minne anakuomba. Kituo kikifungwa hutakuwa na haja ya kumkatalia tena, utasema tu huna njia nyingine. Ningeelewa. Ila ungeniambia."

Sijawahi kumwona Dada Fusae akikasirika. Hupandisha sauti kwa kuku na kunguru tu. Safari hii aliishusha.

"Eisaku. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Toka."

"Nauliza tu..."

"Toka, na mlango ufunge vizuri, joto linatoka."

Nikatoka. Nikafunga vizuri.

Jumatatu, 12 Desemba

Sentimita thelathini na moja. Jukwaa safi saa 12:50. Alipita mbele yangu akasalimia ukuta.

Ijumaa, 16 Desemba

Sentimita arobaini na nane. Nyayo zake kutoka mlangoni kwake mpaka jukwaani: mia moja na kumi na mbili. Hatuzungumzi. Nimepanua njia kwa upana wa beleshi moja, fimbo ipate nafasi.

Jumatano, 21 Desemba

Nyayo mia moja na kumi na tisa. Hatua zinafupika.

Jumanne, 27 Desemba

Mabeleshi tisa. Duka linasema mwaka huu yanakwenda vizuri. Sikufurahi.

Jumatano, 4 Januari

Kenjiro amekuja kwa mwaka mpya na ameondoka leo. Alipita kwangu na keki za mchele kwenye mfuko, kijana wa miaka hamsini na mbili mwenye adabu za kampuni kubwa.

"Mzee Kuramochi, nashukuru kwa yote unayomfanyia mama."

"Sifanyi kitu."

"Tumekubaliana. Kituo kikifungwa, mwezi wa tatu anakuja kwangu. Barabara inafungwa na theluji siku arobaini kwa mwaka, na mashine haingoji. Akikosa mara mbili..." Hakumaliza. "Hospitali ya kule nimeshapata nafasi. Tatizo ni yeye. Amesema ataondoka na mito."

"Mito gani?"

"Ya kituo. Anasema hawezi kuiacha kwenye chumba chenye kufuli."

Nikamwuliza swali lililokuwa kooni kwangu tangu Desemba: je, mama yake aliwahi kutaka kuhama?

Akanitazama kama nimemuuliza njia ya kwenda kwao. "Mama? Nikimtajia Yokohama anakata simu. Miaka minne, Mzee. Nina orodha ya simu alizokata."

Nimekaa karakanani na keki za mchele mapajani. Kama si yeye, na si mimi, basi nyumba zimekuwa tatu.

Jumanne, 10 Januari

Sentimita mia moja na sita. Barabara imefungwa. Treni ya saa 1:12 ilifika saa 1:19. Abiria: mimi.

Jumatatu, 16 Januari

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Momose, amesema mtu wa kampuni atakuja Jumanne ijayo kutufafanulia. Nimeandika maswali kumi na moja. La kwanza: ni mkazi gani? Nataka jina.

Jumanne, 24 Januari

Naandika taratibu, kila kitu kama kilivyotokea, ili baadaye nisije nikajihurumia.

Ukumbi wa kijiji, saa nne asubuhi. Watu ishirini na watatu, majiko mawili ya mafuta ya taa. Dada Fusae mbele kabisa, juu ya mto wake mwenyewe, mgongo kwangu. Mimi nyuma, daftari mkononi, swali la kwanza limepigiwa mstari mara mbili.

Mtu wa kampuni akaingia akipangusa theluji mabegani. Akavua kofia. Akaangaza macho ukumbini, akaniona, na uso wake wote ukafunguka.

"Mzee! Kumbe ni wewe! Mke wangu mpaka leo ananiuliza ile achari ya figili inatengenezwaje."

Akainama kwangu mbele ya watu wote, akainama sana. Nilimtambua kwa viatu.

"Jamani," akawaambia, "huyu mzee ndiye aliyeniokoa siku ya uchunguzi. Kwa baridi ile ningelala wiki nzima. Naitwa Sakuma, samahani, nimeanza vibaya."

Niliona shingo ya Dada Fusae ikigeuka. Polepole, kama mlango wenye kutu.

"Alikuokoa vipi?" akauliza.

"Alinipa chai, achari za aina tatu, viazi vya kuchemsha, samaki. Na alinisaidia na maelezo."

"Maelezo yepi? Tusomee."

Sakuma akaona kuna jambo, ila faili lilikuwa limeshafunguka. Akasoma kwa sauti ya ofisi: "Swali kwa mkazi anayetunza kituo: Je, kituo hiki kina wapandaji siku nyingine? Jibu: 'Aa, hapa hakuna mtu. Hapa hakuna kitu. Ni kibanda tu hiki.'"

Jiko moja likatoa mlio.

Nilisema hivyo. Nakumbuka mpaka sahani niliyokuwa nimeshika. Alisema, kituo chenu kizuri mno, mito mizuri, lazima watu wanakipenda. Nami nikasema tunavyosema. Mtu akisifu nyumba yako, ni kibanda. Akisifu mwanao, ni mzito wa kichwa. Unampangia mgeni sahani tano na unamwambia hakuna kitu, samahani, kula. Baba yangu alisema hivyo, na mimi nimesema hivyo kwa kila mgeni tangu nikiwa na mlango wangu wa kukaribishia. Kadi yake ilikuwa mkononi mwangu, miwani ilikuwa karakanani.

Bwana Momose akakohoa. "Lakini Bwana Sakuma, si ndivyo tunavyosema wote?"

"Najua, Mwenyekiti. Hata kwetu tunasema hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilisita. Lakini fomu ina visanduku viwili: kuna, hakuna. Na treni ya saa 1:12 ilipopita..." akanitazama, na sasa hakuwa anacheka, "...hakupanda mtu. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa mzee, naiona. Hakupanda mtu."

Kwa sababu aliyekuwa apande Jumanne alikuwa anammiminia chai. Mabeleshi sita yalikuwa mlangoni. Hata daftari langu nililinunua ili niipinge kampuni, na humo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: abiria, sifuri.

Mtu akauliza kama hesabu inaweza kurudiwa. Sakuma akafunga faili. "Tutalitafakari kwa kuangalia mbele," akasema. Watu ishirini na watatu wakashusha pumzi kwa pamoja. Kila mtu hapa anajua maana yake ni hapana.

Sikuuliza hata swali moja. Nyumbani niliitafuta kadi. Ilikuwa juu ya friji, chini ya mfuko wa chumvi ya achari. "Kitengo cha Uchunguzi wa Wasafiri." Herufi kubwa tu, hata bila miwani zinasomeka.

Jumatano, 25 Januari

Nilikuwa jukwaani saa kumi na mbili. Theluji imesimama kuta mbili, mpaka kifuani kwangu. Nyayo zake nilizisikia kabla sijamwona. Mia moja na thelathini na moja.

Nikavua kofia, nikainama mpaka nikaona viatu vyangu tu.

"Dada. Nilikuita msaliti, na msaliti nilikuwa mimi."

"Inuka, theluji inaingia kwenye shingo."

"Siinuki."

"Basi kaa hivyo hivyo, treni ina dakika kumi na moja." Akaketi kwenye benchi, kwenye mto wa bluu. "Na mimi ningemwambia vile vile, unajua? Angesifu mito yangu ningemwambia ni matambara."

"Kwa hiyo umenisamehe."

"Sijasema hivyo. Kuhusu kituo sina neno. Kuhusu Yokohama, kwamba mimi ningekuficha jambo miaka minne..." Akagonga fimbo chini. "Hilo bado. Wewe wa hesabu, umenijua miaka mingapi?"

"Sabini na mitatu."

"Ukapiga hesabu ukapata mimi."

Nikainuka. Treni ilikuwa imeanza kusikika kwenye reli.

"Ningekuwa wewe," akasema, "ningekwenda kuhesabu kitu chenye faida." Akatoa begini kijitabu chake cha hospitali, kile wanachomwandikia kila anapofika: tarehe, saa ya kufika, uzito kabla, uzito baada. Akakitupa mikononi mwangu kama gazeti la jana. "Nirudishie Ijumaa. Na usikilowanishe."

Jumamosi, 28 Januari

Nimemaliza. Kuanzia 1 Novemba mwaka juzi mpaka 31 Oktoba mwaka jana: alikwenda mara mia moja hamsini na tatu. Mara tatu hakwenda, treni ilikwama. Saa ya kufika hospitali haizidi dakika kumi na tano baada ya treni yetu kuingia Odaira, hata siku moja. Hakuna gari linaloweza kufanya hivyo Januari. Muuguzi mkuu ameweka sahihi.

Kijitabu nimekirudisha jana. Kikavu.

Jumatatu, 13 Februari

Nimeandika barua mara sita. Tano zilikuwa za adabu, nimewashia jiko. Ya sita nilimsomea Dada Fusae jukwaani asubuhi hii. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haina aibu hata kidogo. Ipeleke." Halafu mlango ulipofunguka akanitupia kitu: mto mpya, wa rangi ya kijani. "Wa nane. Usiseme ni mzuri, utaniponza." Akapanda akicheka. Ni mara ya kwanza tangu Desemba.

Nakala naiweka hapa.

"Kwa Bwana Sakuma, Kitengo cha Uchunguzi wa Wasafiri.

Mimi ni Kuramochi Eisaku, mtu wa achari. Tarehe 15 Novemba nilikwambia hapa hakuna mtu, hakuna kitu. Lile halikuwa jibu. Lilikuwa chai. Ulijua, umesema mwenyewe mbele ya watu ishirini na watatu kwamba ulisita.

Sasa nakujibu kwa kisanduku chako: kuna. Nagakubo Fusae, safari 153 kwa mwaka, ushahidi umeambatanishwa na sahihi ya hospitali. Kuramochi Eisaku, Jumanne na Alhamisi, isipokuwa siku moja aliyokuwa na mgeni. Kituo chetu ni kizuri. Paa halivuji. Mito ni minane na imeshonwa kwa ustadi mkubwa. Sijawahi kuandika sentensi kama hizo maishani na mkono unaona haya, lakini ni kweli zote.

Karatasi yenu inasema mnafunga kwa sababu hakuna mpandaji wa kudumu. Yuko. Asipopanda Jumatatu ya tarehe 20 Machi kwenda kwenye mashine, hakuna hakika ya kumhesabu Jumatano.

Swali langu ni moja, yale mengine kumi nimeyafuta. Je, Jumatatu tarehe 20 Machi, saa 1:12 asubuhi, treni itasimama Hikagezawa?

Usinambie mtalitafakari. Usinambie mnasikitika. Mimi nilisema neno la adabu mkalihesabu sifuri. Na mimi nitafanya vivyo hivyo kwa lenu. Andika ndiyo au andika hapana, lifike mkononi mwangu Ijumaa tarehe 24 Februari, kabla ya saa sita na dakika arobaini na nane mchana. Nitakuwa jukwaani, na miwani nimevaa."